Jenereta yako inabeba mzigo kiasi gani? Hesabu hatua kwa hatua

Wengi hujumlisha wati za vifaa vyao, wakiona jumla ni ndogo kuliko uwezo wa jenereta wanawasha. Hiyo ni nusu ya kazi. Jenereta nyingi zinabeba vizuri mzigo uliokwisha tulia, kinachozilaza ni zile sekunde chache mota inapoanza kuzunguka. Shika karatasi na kikokotoo, tutumie mfano wa jenereta ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha uwezo wake, volti mara ampea kwa maelfu), fezi moja (waya mmoja wenye umeme), volti 230.

Hatua ya 1: Soma kibati cha alternata (sehemu ya jenereta inayozalisha umeme)

Achana na maandishi makubwa ya ubavuni, hayo yamewekwa kwa ajili ya kuuza. Kwenye kibati tafuta kVA, volti, ampea na pawa fakta (huandikwa cos φ, ndiyo namba ya kuzidisha kVA upate kilowati). Jenereta za fezi tatu kwa kawaida ni 0.8, ndogo nyingi za petroli ni 1. Yetu ni 0.8:

kVA 5 × 0.8 = kilowati 4, yaani wati 4,000.
5,000 ÷ 230 = ampea 21.7.

Mipaka yote miwili inakuhusu. Kilowati ni kikomo cha injini, ampea ni kikomo cha waya za alternata. Ukivuka mmoja wapo umezidisha, hata kama mwingine bado una nafasi.

Hatua ya 2: Toa akiba

Mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80. Kwetu ni wati 3,200.

Hatua ya 3: Orodhesha vifaa

Balbu 10 za wati 10: 100
Televisheni: 100
Friji: 150
Pasi: 1,000
Pampu ya maji ya hp 1: ?

Hapo kwenye pampu ndipo watu hukosea. Hp 1 ni wati 746, lakini hizo ni nguvu zinazotoka kwenye shafti, sio zinazoingia kutoka kwenye waya. Mota ndogo hupoteza sehemu kubwa kama joto. Tukichukua ufanisi wa asilimia 70, inavuta karibu wati 1,070. Jumla ni 2,420. Tuko chini ya 3,200, na wengi wangeishia hapa.

Hatua ya 4: Hesabu ya kuanza

Mota iliyounganishwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida inapoanza. Alternata huvumilia mshtuko huo kwa muda mfupi huku volti ikishuka, kwa hiyo kwa makadirio ya haraka mimi huzidisha wati za mota kwa 3. Pampu ngumu, mfano ya kisima kirefu, ipe zaidi. Pasi haina maneno mengi: wati 1,000 ni 1,000 tangu mwanzo.

Pampu ikianza: 1,070 × 3 = 3,210.

Sasa tazama. Pasi, balbu, televisheni na friji vikiwa tayari vinafanya kazi ni 1,350. Ongeza 3,210, unapata 4,560. Imepita 4,000! Lakini ukiwasha pampu kabla ya pasi, ni 350 + 3,210 = 3,560, na inapita. Vifaa ni vilevile, kilichobadilika ni mpangilio tu. Kwa hiyo anza na mota kubwa, iache itulie, fuata ndogo, vya joto viwe vya mwisho. Kumbuka pia friji hujiwasha yenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo iachie nafasi yake.

Hatua ya 5: Pima

Washa vyote, zungushia klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje) kwenye waya wa fezi, linganisha na ampea za kibati. Pampu inapoanza, taa zikififia kidogo na kurudi, sawa. Zikififia na kubaki hivyo, au mota ikivuma bila kuzunguka, zima haraka kabla haijaungua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, yangu ni ya fezi tatu, kVA 20. Mzigo wote ni kilowati 9 tu lakini breka inakatika. Shida nini?

Jibu: Mkuu, bila shaka umerundika karibu kila kitu kwenye fezi moja. Kila fezi ina theluthi tu, karibu kVA 6.7. Kwa volti 400: 20,000 ÷ (1.732 × 400) = ampea 28.9 kwa kila fezi. Mwambie fundi wako agawe mzigo upya, kisha apime fezi zote tatu.

Swali: Kibati changu kina kilowati 3.0 na 2.8. Nishike ipi?

Jibu: 2.8. Hiyo nyingine ni ya kilele, ya muda mfupi.

Swali: Nimepata ya dizeli kVA 60, matumizi yangu ni kilowati 5. Si ndiyo itadumu zaidi?

Jibu: Hapana kaka, kinyume chake. Hiyo ina kilowati 48, wewe unatumia karibu asilimia 10. Dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na utaona uoevu mweusi kwenye bomba la moshi. Tafuta ndogo.

Swali: Naishi mlimani, mita 1,800. Hesabu inabadilika?

Jibu: Ndiyo. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Kilowati 4 zinabaki kama 3.3. Rudia hatua ya 2 kwa namba hiyo.

Swali: Nina mbili za kVA 5. Nikiunganisha waya zake si napata 10?

Jibu: Usijaribu! Mawimbi yake hayaendi pamoja, zitapigana na moja itaungua, pengine zote. Kuunganisha kunahitaji mashine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na kifaa cha kuzioanisha. Gawa nyumba: pampu na friji kwa moja, vilivyobaki kwa nyingine, kila moja na chenjiova yake (swichi ya kuchagua chanzo cha umeme).