Ngano: Kilo Zilezile za Mbegu, Mimea Tofauti Shambani

Wakulima wengi wa Monduli, Karatu na Siha hupanga mbegu ya ngano kwa kilo tu: ekari moja, kilo 50. Lakini ukibadili aina ya mbegu, tuseme kutoka Juhudi kwenda Chiriku, kilo hizo zinaweza kukupa shamba jingine kabisa.

Anza na ukubwa wa punje. Hesabu punje 1,000, uzipime. Zikiwa na gramu 40, kilo moja ina punje 25,000. Zikiwa na gramu 32, ina zaidi ya 31,000. Ukitaka mimea 250 kwa mita ya mraba, na punje nane kati ya kumi zikaota, mbegu ya kwanza itahitaji kilo 50 kwa ekari, ya pili kilo 40. Kilo 10 za ziada ni hela yako, na ngano iliyobanana hurefuka ikalala.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kina. Chipukizi la ngano hupanda juu likiwa ndani ya ala inayolilinda. Ala ikiishia chini ya udongo, jani hutokea humohumo, likajikunja na kufa. Ngano fupi za kisasa, nyingi zikiwa na ufupi uliotoka kwa ngano ya Kijapani Norin 10, husimama vizuri zikipewa mbolea, lakini kwa kawaida ala zake ni fupi kuliko za ngano ndefu za zamani. Hizi fupi zifukie sentimita 3 hadi 5. Anayemwaga mbegu kwa mkono kisha kupitisha haro ya trekta huzika nyingine sentimita 10, halafu lawama zote anampa muuza mbegu! Tena baadhi ya dawa za ukungu zinazopakwa kwenye mbegu, hasa za kundi la triazoli, hufupisha ala zaidi. Mbegu iliyopakwa dawa hiyo usiizamishe.

Kabla ya masika, panda punje 100 kwenye kasha la udongo wa shamba lako, kwa kina utakachotumia. Jaribio la kitambaa chenye unyevu linaonyesha uhai wa punje tu. Udongo unaonyesha pia kama chipukizi linaweza kufika juu.

Wiki mbili au tatu baada ya kupanda, tupa fremu ya sentimita 50 kwa 50 sehemu kadhaa, hesabu miche ya kila fremu, zidisha kwa nne upate ya mita ya mraba. Rudia karibu na kuvuna. Pengo kati ya hesabu hizo ni mimea iliyokufa njiani kwa ukame, mchwa au magonjwa ya mizizi, nalo hutofautiana kwa kila aina.

Ukikuta miche 150 kwa mita ya mraba, iliyosambaa vizuri, usikimbilie kuvunja shamba. Aina inayotoa machipukizi mengi ya pembeni itajaza nafasi, mradi palizi isichelewe.