Dalseong, Daegu: panda tuta kwanza, wanyama baadaye

Wageni wangu wakija Daegu, mji wa Korea Kusini, na watoto, huulizia tembo kwanza. Wanyama wapo katika bustani ya Dalseong, na kiingilio ni bure, lakini mimi nina utaratibu wangu.

Ukitoka Seoul kwa KTX, treni ya mwendo kasi, shuka kituo cha Dongdaegu. Panda metro Laini ya 1 hadi Myeongdeok, uhamie Laini ya 3 mpaka kituo cha Dalseong Park. Hii ni monoreli inayopita juu ya barabara, haina dereva. Wawahie watoto viti vya mbele. Treni ikikaribia maghorofa ya watu, vioo vya dirishani vinageuka ukungu vyenyewe, abiria wasichungulie vyumba vya wenzao. Watoto wangu hushangilia hapo kuliko wakimwona simba.

Fika mapema. Nje ya lango kuna soko la alfajiri, mboga na nguo zimepangwa barabarani, na jua likipanda wanafungasha.

Ukiingia, waache wanyama kwanza. Tafuta njia ya kupanda tuta linalozunguka bustani. Tuta hilo ndilo Dalseong yenyewe: ngome ya udongo ya enzi za Silla, ufalme wa kale wa Korea, ambayo kumbukumbu zinasema ilijengwa mwaka 261. Mzunguko wake ni kama kilomita 1.3, hata bibi mwenye magoti mabovu atamaliza akipumzika. Miti imeushika udongo na kuleta kivuli, nacho utakihitaji: Daegu imezingirwa na milima na Agosti joto halina pa kutokea. Wajapani walipoitawala Korea waliweka hekalu lao la Shinto, dini ya jadi ya Japani, humu humu ndani ya ngome. Wanyama ni wa juzi tu, 1970.

Ukishuka, pitia sanamu ya Choe Je-u, mwanzilishi wa dini ya Kikorea ya Donghak, aliyeuawa na serikali hapa Daegu mwaka 1864.

Sasa wanyama. Mabanda ni ya kizamani na yamebana. Aliyewahi kumwona simba Mikumi atasononeka. Mwaka 2023 sokwe wawili walitoroka, mmoja akapigwa sindano ya usingizi akafa. Nusu saa inatosha.

Njaa ikiuma, rudi kituo kimoja hadi soko la Seomun, uagize napjak mandu, maandazi bapa ya tambi yanayokaangwa. Kama huli nguruwe, uliza kabla hawajaweka kikaangoni.