Sindano ni dakika moja, kazi yenyewe iko kabla na baada

Hii nawaandikia manesi mnaoanza, hasa nyinyi mnaopangiwa huku Lamu na koleji mlipita wodi ya akili juujuu tu, alafu unajikuta zamu ya usiku uko peke yako, boti imeingia kutoka Faza, mgonjwa kafungwa kamba mikono na jamaa zake wote wanaongea pamoja. Naongelea magonjwa mazito, yaani skizofrenia, baipola ikipanda, dipresheni ya kufikia mtu kutaka kujiua, psikosi (yaani mtu kupotewa na uhalisia, anasikia ama kuamini yasiyokuwepo) ya baada ya kujifungua na ile ya bangi na madawa. Dozi anaandika daktari ama afisa wa kliniki, mimi nasema ile kazi ya nesi, na ukiniuliza hio ndio inaamua kama huyu mtu atarudi klinika ama atafichwa chumba cha nyuma miaka.

Anza na mwili, hata kama familia washakwambia "huyu ni wazimu wake wa kila mwaka". Pima joto, presha, mapigo ya moyo, pumzi, oksijeni, sukari, na malaria usiisahau manake huku pwani malaria ya kichwa imeshawahi kuitwa wazimu mara nyingi tu. Pitisha mkono kichwani uangalie kama kuna uvimbe wa kupigwa ama kuanguka, angalia kama shingo imekakamaa. Akili ikiwa inapanda na kushuka ndani ya siku hio hio, asubuhi anakutambua magharibi hakujui, na anaona vitu zaidi ya kusikia sauti, hapo shuku mwili kwanza, na akiwa ni mama aliyejifungua juzi ana homa basi usipoteze muda. Na kuna hili la Ramadhani, wako watu wanaacha pombe ghafla mwezi ukiandama, siku ya pili ya tatu anatetemeka, jasho chapachapa, anaokota vidudu ukutani, huyo hatakiwi haloperidoli (dawa ya psikosi) kwanza, anatakiwa diazepamu na sindano ya vitamini B1 na apelekwe wodi haraka.

Kabla hujamkaribia jiangalie wewe. Stethoskopu toa shingoni, ncha za ushungi zichomeke ndani, kalamu na mkasi mfukoni toa, alafu usisimame mlangoni ukamzibia njia wala usikae pembe ambayo wewe mwenyewe huwezi kutoka. Kaa umbali wa kama mikono miwili, upande kidogo sio uso kwa uso. Wale jamaa waombe watoke abaki mmoja, yule anayemsikiliza, na mara nyingi sio baba, ni dada ama shangazi. Msemaji awe mmoja tu, wewe. Sauti chini.

Unaanza kama unavyomwamkia mtu yeyote mtaani: "Masalkheri mjomba. Mimi ni nesi, hapa ni hospitali, hakuna atakayekupiga. Hizi kamba zimekukata, nataka nizifungue nikuoshe hapa. Unataka maji ya kunywa kwanza ama tuanze na mkono?" Unaona hapo umempa kitu cha kuchagua, mtu ambaye tangu alfajiri anaburutwa kutoka boti hadi punda hajaulizwa chochote. Wengi wanatulia hapo hapo kabla ya dawa yoyote, si wote lakini wengi.

Akikwambia kuna watu wanamsema redioni usibishane naye na usimkubalie pia. Sema "mimi siwasikii, ila naona wamekunyima usingizi", manake usingizi ni kweli hajalala. Sauti uliza zinasema nini, na zaidi uliza kama zinamwamrisha afanye kitu, ajidhuru ama amdhuru mtu, na kama ashawahi kutii. Habari ya kujiua iulize wazi wazi, "umefikiria kujitoa uhai? umepanga vipi?", kuuliza hakumpandikizii mtu hilo wazo, kunampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndio, haachwi peke yake hata chooni, na uangalie kitanda kwa macho ya mwenye nia hio: kamba za neti, leso, mshipi, wembe wa kunyolea, chupa ya dettol iliyosahaulika dirishani. Na mjue sheria imebadilika, mwezi wa kwanza 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha katiba, kwa hivo mambo ya kumtisha mgonjwa na polisi tuache.

Sasa habari ya jini, manake wengi husema mgonjwa kapandwa na jini. Familia nyingi zinakuja kwako zishapita kwa shekhe ama kwa fundi, yaani mganga, na wengine watarudi huko ukiwatoa tu mlangoni. Kuwakejeli ni kuwafukuza. Mimi naona kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'an) akitaka kunywa anywe, kisomo kisomwe hata hapo kitandani wodini kama hakisumbui wengine, lakini kuna vitu nakataa bila kupepesa macho: kupigwa, kufungwa minyororo, kunyimwa chakula, kufukizwa moshi kwenye chumba kilichofungwa, na kuacha dawa. Pia uliza amenyweshwa mitishamba gani, uandike kwenye faili. Mashekhe wengi ukiwaendea kwa heshima wanakuelewa vizuri na watakusaidia kuliko bango lolote la wizara.

Haya, dawa. Ya kumeza kwanza, kila mara, hata kama amechemka, mpe nafasi ya kukubali. Akikataa na hatari ipo ndio inakuja sindano, mara nyingi haloperidoli 5mg na promethazini 25 hadi 50mg kwenye msuli, mzee ama aliyekonda hupewa pungufu. Olanzapini ya sindano, nayo ni dawa ya psikosi, usiichanganye na diazepamu ya sindano, pumzi inaweza kukata. Kama lazima ashikwe, kila mtu awe na kiungo chake, mmoja awe kichwani anaongea naye, asilazwe kifudifudi na mtu asipige goti mgongoni wala kifuani, hapo ndipo watu hufa. Ukishachoma mlaze ubavu, alafu kila dakika 15 saa nzima ya kwanza unapima pumzi, presha, mapigo, joto na unaangalia kama anaamka ukimwita. Usiandike chati yote mara moja saa kumi na moja alfajiri, tunajuana.

Na sasa ile sehemu ambayo kwangu mimi ndio kiini cha kazi yote. Kijana kachomwa haloperidoli jana, leo jioni shingo inapinda upande mmoja, taya limekaza, ulimi unatoka, macho yamepanda juu hayashuki, anakutazama kwa weupe. Fikiria mamake amekaa pale kitandani anaona hivo. Atasema jini limepanda, na kusema kweli ukiwa hujui ungesema hivo hivo. Hio ni dawa, inakaza misuli, inapenda vijana wa kiume na inakuja saa chache hadi siku chache za mwanzo. Promethazini ya sindano, ukichoma msuli baada ya kama dakika 20 hivi shingo inaachia na macho yanashuka. Ikishika koo, anakoroma anashindwa kuvuta pumzi, hio ni dharura ita watu. Lakini dawa kubwa ni maneno uliyosema KABLA: "mama, hii sindano inaweza kumkaza shingo ama macho, ikitokea nikimbilieni mimi, iko dawa yake". Aliyeambiwa anakuja mbio kwako, asiyeambiwa anamtorosha usiku na boti ya kwanza, na humuoni tena mpaka miaka.

Kuna nyingine haionekani kirahisi, mtu hawezi kutulia, anapiga hatua palepale, anakaa anainuka anakaa anainuka. Zamu inaandika "amepanda tena", anaongezewa haloperidoli, anazidi. Muulize, "huko kutotulia kuko kichwani ama miguuni?" Akikwambia miguuni, kama inamlazimisha atembee, mpigie daktari apunguze dozi ama abadilishe, hii shida inatesa mpaka watu wamejiua nayo. Na ya tatu ni nadra lakini inaua, mwili mgumu kama ubao, homa kali, jasho, presha inapanda inashuka, akili imepotea. Huku kwetu itaitwa malaria. Homa pamoja na ugumu kwa mtu aliye kwenye dawa hizi, simamisha dawa, mpe maji, mpoze mwili, atafutiwe hospitali kubwa siku hio hio. Vidonge vya benzeksoli, vya kulegeza misuli iliyokazwa na dawa hizi, watu wanaviita Artane, vihesabu, vina soko lake mtaani.

Sindano ya mwezi, yaani ile dawa ya psikosi inayoachia polepole mwilini: flufenazini dekanoeti inachomwa kila wiki mbili hadi tano, haloperidoli dekanoeti kila wiki nne. Zote ziko kwenye mafuta ya simsim, ndio hio hio simsim ya Lamu, kwa hivo uliza kama simsim inamdhuru kabla ya kuchoma. Sirinji na sindano ziwe kavu, choma ndani kabisa ya tako sehemu ya juu upande wa nje, ngozi ivute pembeni kwanza ili mafuta yasirudi, ukitoa usisugue, na mwezi ujao badilisha upande. Tarehe usiitoe kwa kalenda peke yake, msimu wa kusi bahari ikichafuka wa Kizingitini na Siyu hawaji, wapange mapema wapate kabla, na chukua simu ya jirani sio ya mgonjwa peke yake.

Lithiamu, dawa ya baipola, na joto letu haziendi pamoja vizuri. Mtu akikosa maji, akiharisha, ama akimeza brufeni na diklofenaki za duka la dawa, kiwango kinapanda kwenye damu. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, anayumba, ulimi mzito, anatapika, simamisha na apimwe damu, ikipita 1.5 mmol/L ni sumu. Kabla ya Ramadhani apimwe kiwango na azungumze na daktari kama afunge ama la, mgonjwa ana ruhusa ya kula na Qur'an imelisema wazi ila wengi hawataki, hapo tena yule shekhe uliyemheshimu anakufaa. Wa dawa zingine wanaofunga, wengi unaweza kuzisogeza futari na daku. Klopromazini, dawa nyingine ya psikosi, inafanya ngozi iungue jua, mvuvi mwambie kofia na mikono mirefu, na asiinuke ghafla kitandani ataanguka. Wa klozapini, nayo ni dawa ya psikosi, apimwe damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, homa ama koo kuuma arudi hapo hapo, na umuulize choo kila siku bila haya, kufunga choo kwa klozapini kunaua.

Rufaa ya Mombasa ni safari ndefu. Kwenye boti ya kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, akae katikati, jaketi la kuelea limefungwa, ndugu upande mmoja na nesi upande wa pili, nahodha aambiwe. Usimdunge usingizi mzito alafu umweke nyuma ya gari huna wa kumwangalia pumzi. Beba barua, chati ya dawa zilizochomwa na saa zake, maji, kipimo cha sukari, na dozi ya benzeksoli mkononi. Sheria ya Afya ya Akili, ile iliyorekebishwa 2022, inampa haki ya kuelezwa na kutibiwa kwa heshima, basi mwelezee anakopelekwa, hata kama unaona hasikii.

Akiruhusiwa nyumbani, kaa na familia uwaulize yeye mwenyewe huwa anaanza vipi, manake kila mtu ana lake: huyu anaacha kulala, yule anaanza kugawa pesa, mwengine anaacha kuoga na anafunga madirisha. Andika kwa Kiswahili, dalili mbili tatu tu, na chini yake nani anaweka dawa, nani anamleta, na muguka na bangi waache kumnunulia ati ili atulie. Akianza dalili asisubiri tarehe, aje siku hio hio. Karatasi moja abaki nayo dada, nyingine ibandike kwenye faili, na zamu inayoingia uisomee kwa mdomo.