Chelewa na kete kwa watoto wanaosoma hesabu kwa Kiingereza

Jamani wenye watoto wadogo wanaosomeshwa hesabu kwa Kiingereza skuli, vifaa vya bei si lazima, chomoa chelewa, vile vijiti vya ukuti, kwenye fagio kuukuu uzikate urefu sawa, funga kumi kumi kwa mpira na nyengine ziache moja moja. Mwambie akuwekee 23, atashika mafungu mawili na chelewa tatu, hapo ndo unamwambia "two tens and three ones" na yeye aseme huku kashika mkononi.

Kwenye kutoa ndo patamu zaidi. 23 toa 7, zile tatu hazitoshi kwahiyo lazima afungue fungu moja, mwacheni afungue mwenyewe hata akikawia, maana hapo ndo anaona ile kukopa inatoka wapi. Akikwama kwa Kiingereza aeleze kwa Kiswahili kwanza, tafadhalini msimkatize, hesabu ishaingia ile, kisha mpe sentensi ya Kiingereza airudie.

Na kama nyumbani mna bao, mashimo 32 yale ni "four rows of eight", ayahesabu kwa kidole. Ila kete, zile mbegu za kuchezea bao, msiwape walio chini ya miaka 3, wanameza.