Soma kwanza, filamu baadaye

Nina miaka 16, na riwaya za vijana ndizo zinazoninyima usingizi. Ukitaka kufaidi kitabu na filamu yake, anza na kitabu. Ukitanguliza filamu, sura ya mwigizaji itakukaa kichwani na hutapata nafasi ya kumjenga mhusika mwenyewe.

Chukua The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008. Soma ukiwa na penseli, na kila Katniss, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anapowaza jambo asilolisema, tia alama pembeni. Anayesimulia ni yeye mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo tunajua tu anachokiona na anachokihofia. Pale jina la Prim, mdogo wake, linapotajwa kwenye kura ya kuchagua vijana watakaoingia kwenye michezo ya kuuana, niliweka kitabu kifuani nikavuta pumzi kwanza.

Kaa siku mbili tatu, ndipo utazame filamu ya 2012. Shika daftari, andika kilichobadilika. Ile pini ya kifuani yenye umbo la ndege anayeruka, kwa mfano: kitabuni Katniss anapewa na Madge, binti wa meya, kwenye filamu Madge hayupo kabisa, na pini inatoka sokoni. Iliniuma, maana zawadi ya rafiki ina uzito wake. Lakini filamu inatuingiza kwenye chumba cha wanaoendesha michezo, mahali ambapo macho ya Katniss hayafiki. Hapo nilikubali kwa moyo mmoja kwamba kamera imefanya kazi ambayo msimulizi wetu asingeiweza.

Kama huwezi kunyamaza, usitazame na mtu ambaye hajasoma. Ukimaliza, rudia zile kurasa ulizotia alama.