Somo: Kupitisha data za vihisi na video kwenye kiungo kimoja cha redio

Swali la "nataka kuona kamera na kiwango cha maji kwa pamoja, ninunue redio gani?" limeulizwa hapa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niandike jibu moja refu, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Mfano wangu ni pampu ya umwagiliaji iliyo kando ya mto, yenye kamera 3, na ofisi ya shamba iliyo kilomita 4 kutoka hapo.

Hatua ya 1. Orodhesha unachotuma, kisha andika idadi ya biti zake. Kiwango cha maji, shinikizo na joto la mota, pamoja na saa na namba ya ujumbe, havifiki baiti 20 kwa dakika. Video ya pikseli 1280 kwa 720, yenye fremu 15 kwa sekunde, ingehitaji takriban megabiti 166 kwa sekunde kama isingebanwa; ikibanwa kwa H.264, mbinu ya kubana video, hushuka hadi megabiti 1 au 2, kutegemea kinachotembea mbele ya kamera.

Hatua ya 2. Chagua njia. LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, inatosha kabisa kwa vihisi, lakini kasi yake ni kilobiti chache kwa sekunde, kwa hiyo video haipiti humo. Mwenye uwezo atenge njia mbili. Wengi wetu tutapitisha vyote kwenye redio za gigahezi 5.8, na somo linaendelea na hizo.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya ishara kabla ya kupanda mlingoti. Kwa kilomita 4 na masafa hayo, ishara hupotea angani kwa desibeli 120 hivi. Redio ikitoa 13 dBm (desibeli zikipimwa kutoka miliwati 1), kila antena ikiongeza desibeli 23, na nyaya zikila desibeli 1, utapokea takriban −62 dBm. Ikiwa kasi unayoitaka inahitaji −80 dBm, una akiba ya desibeli 18. Kumbuka pia kwamba mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba: katikati ya safari yanahitaji uwazi wa angalau mita 4.3 kuzunguka mstari wa kuonana, kwa hiyo kuuona mlingoti wa pili kwa macho hakutoshi. Kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au mamlaka ya nchi yako.

Hatua ya 4. Panga foleni. Hapa ndipo mfumo wangu wa kwanza uliponishinda, na ndipo mifumo mingi ninayoitwa kuitazama inapokwama. Kiungo kikiwa kizuri huoni tatizo lolote. Ishara ikidhoofika, redio hupunguza kasi yenyewe, kamera hazijui hilo na zinaendelea kumwaga video, bafa ya redio, yaani kumbukumbu ambako pakiti husubiri zamu, inajaa, na ujumbe wa baiti 20 unaosema kwamba tangi limejaa unasimama nyuma ya maelfu ya pakiti za picha ya ukuta usiotikisika. Watu huvipa vihisi kipaumbele kwenye ruta, hakuna kinachobadilika, kisha wanasema kipaumbele ni porojo. Sababu ni kwamba foleni haiko kwenye ruta, iko ndani ya redio, na ruta haiwezi kupanga foleni isiyo yake. Dawa ni kuibana kasi ya ruta iwe chini kidogo ya kasi ndogo kabisa uliyoipima kwenye redio, ili msongamano utokee ndani ya ruta, ambako kipaumbele chako kinafanya kazi. Kisha uziwekee kamera kikomo cha biti, jumla yake isizidi nusu ya kasi hiyo.

Vihisi vitumie MQTT, itifaki ya kutuma ujumbe mfupi, kwa kiwango cha QoS 1, ambacho hurudia ujumbe hadi upokelewe, na kifaa cha pampuni kihifadhi kumbukumbu kiungo kinapokatika. Saa iandikwe pale kihisi kinaposoma. Ukiiacha seva iandike, data za saa tano zitaonekana zimetokea kwa dakika moja. Video ipite kwa RTP juu ya UDP, itifaki zisizorudia pakiti iliyopotea, kwa kuwa fremu iliyochelewa haina faida kwa anayetazama.

Onyo la kwanza: QoS 1 huweza kuleta ujumbe uleule mara mbili, na namba ya ujumbe ndiyo itakayokusaidia kuutupa wa pili. Onyo la pili: amri ya kuzima pampu tangi likijaa isipite hewani kamwe, iwe palepale kwenye pampu.

Hatua ya 5. Badilisha nywila zote za kiwandani na uwashe usimbaji fiche.

Hatua ya 6. Zima redio kwa saa nzima, iwashe, uone kama data zimerudi zote na kwa saa zake sahihi.

MASWALI

Mwanachama, Iringa: Mkuu, kwa hiyo LoRa haiwezi kubeba video hata ya ubora mdogo?
Jibu: Hatua ya 2.

Mwanachama, Mbeya: Nimefuata kila kitu lakini mvua ikinyesha kinakata. Redio hizi ni feki.
Jibu: Hujaandika ishara ni ngapi kabla ya mvua wala wakati wa mvua, kwa hiyo hukufuata kila kitu. Kwa gigahezi 5.8 na kilomita 4, mvua yenyewe hula kidogo sana. Tazama miti iliyo njiani, kwa maana majani yaliyolowa huzuia kuliko makavu, kisha fungua konekta za nje uone kama zina maji.

Mwanachama, Kisumu: Nimefunga kihisi cha mtikisiko kwenye mota inayozunguka mara 2,880 kwa dakika. Nachukua sampuli 50 kwa sekunde, lakini grafu inaonyesha wimbi la hezi 2. Kihisi kimeharibika?
Jibu: Asante kwa kuleta namba, zinajibu swali zenyewe. Mara 2,880 kwa dakika ni hezi 48, na ukizisoma mara 50 kwa sekunde utaona tofauti yake, yaani hezi 2, wimbi ambalo halipo. Sampuli lazima zizidi maradufu ya masafa ya juu kabisa yaliyomo, na beringi mbovu hutikisika kwa masafa ya juu kuliko mzunguko wa mota, kwa hiyo anza na sampuli 1,000. Weka pia kichujio kabla ya kigeuzi cha dijitali, kwa sababu wimbi bandia likishaingia huwezi kulitofautisha na la kweli. Usizitume zote: mihimili mitatu ya biti 16 ni kilobiti 48 kwa sekunde. Kokotoa palepale wastani wa nguvu na kilele, utume hivyo kila dakika, na data ghafi zitumwe pale tu kikomo kinapovukwa.

Mwanachama, Kisumu: Na umeme wa sola? Kamera na redio zangu zinakula wati 12.
Jibu: Hizo ni Wh (wati-saa) 288 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, inakupa Wh 600, yaani siku mbili bila jua.

Mwanachama, Tanga: Niongeze kwamba tundu la waya liwe chini ya boksi na lizibwe kwa wavu. Nyigu hupenda joto la redio, na kiota chao huziba matundu ya hewa.
Jibu: Kweli kabisa. Na waya uning'inie chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, maji yadondokee nje.