Namna ya Kutumia Misemo ya Kikantoni Kuhusu Kujifunza Kazi kwa Kutazama

Mwongozo huu unamhusu anayejifunza Kikantoni, lugha ya Hong Kong, Macau na sehemu kubwa ya mkoa wa Guangdong kusini mwa China, ambaye tayari anaweza kusalimia na kununua vitu sokoni.

Hatua ya kwanza ni matamshi. Nimetumia maandishi ya Jyutping, yaani Kikantoni kwa herufi za Kilatini, yaliyotolewa mwaka 1993 na Chama cha Isimu cha Hong Kong, ambamo tarakimu 1 hadi 6 huonyesha toni, yaani kiwango cha sauti ya silabi, na herufi j husomwa kama y yetu. Silabi hok6 huishia kwa k inayozibwa bila kuachiwa, kwa hiyo usiitie irabu mwishoni, jambo ambalo ndimi zetu hulipenda mno.

Hatua ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni kuuelewa msemo tau1 si1, yaani kumwibia fundi ujuzi. Husemwa juu ya kijana wa jikoni ambaye hakuna aliyemweleza kipimo cha mchuzi wala ukali wa moto, lakini akawa anaosha masufuria huku jicho lake likifuata mkono wa mpishi, hata siku moja akapika chakula kilekile. Wizi huu hauna aibu. Mpishi akisema amekwenda kula kwa mwenzake ili tau1 si1, amemsifu huyo mwenzake. Ili ujue kwa nini ujuzi uibwe badala ya kuombwa, jifunze pia methali gaau3 sik1 tou4 dai2, mou5 si1 fu2: mwanagenzi akishafundishwa akajua, fundi hana kazi tena. Hofu hiyo ya kunyang'anywa riziki naiona ya haki kabisa.

Hatua ya tatu, tenga misemo inayofanana. Jau5 joeng6 hok6 joeng6 ni lawama kwa anayeiga kila anachokiona, hasa mtoto anayefuata tabia mbaya ya mkubwa; usimsifu nao mwanagenzi hodari. Ziu3 baan2 zyu2 wun2 ni kurudia jambo kama lilivyofanywa, bila kubadili chochote.

Hatimaye, utumie msemo kwa nafsi yako. Fundi akikuruhusu kusimama karibu naye, mwite si1 fu2, yaani fundi, kama wanavyoitwa hata madereva na mafundi bomba, kisha useme ngo5 lei4 tau1 si1, "nimekuja kukuibia ujuzi". Usiyaseme haya kabla ya ruhusa.